Tupeane uzoefu: kumtibu samaki wa mapambo aliyeugua nyumbani

Mwanzisha mada, Chumbageni, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nilikuwa na samaki wa dhahabu watano katika tangi la lita 60. Mwezi wa Julai, kusi ilipopoza maji, mmoja wao alianza kujikwaruza kwenye mawe, na siku mbili baadaye mapezi yake yakajaa vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Ugonjwa huu wa madoa meupe huletwa na kimelea kinachojichimbia ndani ya ngozi ya samaki. Kikishiba huanguka chini ya tangi, hujifungia kwenye kifuko na kugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga, ambavyo hutoka kuogelea na kutafuta samaki wa kumvamia. Chumvi na dawa za dukani huviua hivyo vinavyoogelea tu. Vilivyo ngozini na vilivyo kifukoni havidhuriki.

Hilo sikulijua. Niliyeyusha chumvi ya mawe gramu 60, na kesho yake gramu 60 nyingine, nikiimimina kidogo kidogo. Madoa yalipotoweka siku ya tano, nilidhani tumepona, nikapunguza chumvi kwa kubadilisha maji mengi. Baada ya wiki moja samaki wote watano walikuwa na madoa, na wawili wakafa. Mara ya pili niliendelea na chumvi kwa siku kumi baada ya doa la mwisho, na kila nilipoongeza maji mapya nilirudisha gramu mbili kwa kila lita niliyoitoa. Waliobaki wamepona. Nanyi mlifanyaje?

Mchangiaji wa Makorora

Waaleikum salaam, pole sana kaka. Samaki wangu walikuwa wakitwetea juu ya maji, nami nikanunua dawa mbili ambazo hazikusaidia chochote, kwa sababu ugonjwa ulikuwa katika maji yenyewe. Siku chache kabla nilikuwa nimeliosha sifongo la chujio kwa maji ya bomba mpaka likatakata, na klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, ikawaua bakteria wanaoigeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Siku hizi ninalikamua sifongo ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, na maji ya bomba ninayaacha wazi usiku na mchana kabla ya kuyatumia. Samaki akidhoofika, kwanza ninabadilisha theluthi ya maji na kupunguza chakula. Dawa huja baadaye, ikihitajika.

Mchangiaji wa Raskazone

Wanangu, wako wanaoshauri maji yapashwe joto hadi nyuzi 30 ili kimelea kiharakishe mzunguko wake na kufikiwa na dawa mapema. Ni kweli, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati wa kaskazi umeme ukikatika pampu ya hewa husimama. Usiku mmoja nilikaa nikichota maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu hadi umeme uliporudi, na samaki walipona.

Mwanzisha mada

Ahsante dada, na shikamoo mzee. Sasa nimeelewa pia kwamba huyo mgonjwa wa kwanza ndiye niliyemnunua wiki moja kabla na kumtia tangini siku hiyohiyo. Samaki mpya niliyemleta juzi yuko peke yake katika beseni lenye pampu yake, na atakaa humo wiki nne.