Mjadala: Mafuta ya transi, abanwe mama lishe au kiwanda?

Mleta mada, Mbeya mjini
Wakuu, kila baridi ya Juni ikikaza Uyole, mtu ananunua dumu, asubuhi mafuta yameganda, anatangaza mtaa mzima kuwa ni sumu ya moyo. Kuganda peke yake si ushahidi. Mawese huganda kwa asili yake, hata yaliyokamuliwa Kyela. Hayo nayo si ya kumimina ovyo, ila si transi, yaani ile aina ya mafuta inayodhuru moyo.

Transi za kuogopwa zinatoka kiwandani. Huzaliwa pale mafuta ya mimea yanapoongezewa hidrojeni nusunusu ili yawe mazito na yakae muda mrefu bila kuchacha, ndiyo maana waokaji wa keki na biskuti waliyapenda. Mwilini yanapandisha LDL, lehemu inayojijenga kwenye mishipa, na papo hapo yanashusha HDL inayosaidia kuiondoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 278,000 kila mwaka duniani. Wanataka anayekula kilokalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 2.2 za transi. Nani Mwanjelwa atapima gramu 2.2 kwenye andazi?

Kwa hiyo sheria ibane kiwandani na bandarini: transi zisizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Denmark walipitisha hivyo 2003, Afrika Kusini 2011. Mama lishe aachwe.

Muuza chipsi, Kabwe
Umenena mkuu. Bwana afya akija anachungulia kikaango changu, wakati dumu nimelitoa duka la jumla, na lebo yake ni Kiingereza cha kusoma kwa darubini.

Dada wa lishe, Iringa
Kaka, usijivue haraka hivyo. Mafuta yanayorudiwa hadi yanakuwa meusi, transi zake huongezeka kidogo tu, hapo mleta mada yuko sahihi kuwa transi za kuogopwa ni za kiwandani. Lakini joto linayaharibu na kuzalisha kemikali nyingine zenye madhara. Sheria ya kiwandani haitagusa kikaango chako.

Muuza chipsi, Kabwe
Nikimwaga kila jioni, sahani utainunua shilingi ngapi, dada?

Dada wa lishe, Iringa
Sijasema kila jioni. Yachuje, usiyaache yafuke moshi, na yakianza kutoa povu na harufu kali, achana nayo.

Mzee wa ng'ombe, Njombe
Na maziwa je? Nasikia nayo yana transi.

Mleta mada, Mbeya mjini
Yamo kidogo, mzee wangu, ya asili, na nyama ya ng'ombe pia. Shikamoo.

Mkamua alizeti, Mafinga
Msidhani mkibana huko waokaji watakuja kwangu. Mwokaji anataka mafuta mazito, atakimbilia mawese ya nje.

Mleta mada, Mbeya mjini
Akimbilie tu. Kwa moyo mawese ni nafuu kuliko transi, hata kama alizeti ingekuwa bora zaidi.

Mfanyabiashara, Tunduma
Usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, sawa. Madumu yanayopita njia za panya huku kwetu yatapimwa na nani?

Dada wa lishe, Iringa
Hayo yatasumbua, sibishi. Waanze na viwanda vya biskuti na majarini: wananunua kwa risiti, na sampuli inachukuliwa mlangoni.