Sungura wetu Pamba hataki kuguswa, na manyoya yake yameanza kufungana: nianzie wapi?

mama_wa_kadutu, Bukavu

Jambo wapendwa. Naomba mnisaidie, maana jambo hili limeanza kuninyima usingizi.

Mwezi wa saba nilimnunulia binti yangu wa miaka 9 sungura. Alifaulu vizuri shuleni na nilikuwa nimemwahidi. Tulimpata sokoni kwa papa mmoja aliyekuwa amewarundika sungura kama kumi ndani ya tenga moja. Nilipoonyesha huyu mweupe, papa akamnyanyua kwa masikio, akamning'iniza mbele yangu ili nione alivyo mzito. Mnyama akapiga yowe. Sikuwa najua kama sungura ana sauti. Yowe lile, kama la mtoto mchanga, bado ninalo masikioni.

Tulimwita Pamba kwa sababu manyoya yake ni marefu kuliko ya sungura wa kawaida wa hapa kwetu, hasa mashavuni na nyuma ya mapaja. Nilimnunua akiwa na miezi 3, sasa ana 5, na ni jike. Mchana anazunguka salo (sebule), usiku analala kwenye kizimba cha mbao. Kula anakula: matete, matembele, kipande cha karoti. Shida ni mkono wa mtu. Nikiusogeza tu, analaza masikio mgongoni, anapiga mguu chini pu!, halafu anajificha chini ya kabati. Tukimtoa anapiga mateke. Jumamosi iliyopita binti yangu alimbeba, Pamba akajirusha kutoka kifuani mwake hadi kwenye sakafu ya sima (saruji). Namshukuru Mungu anatembea vizuri. Mtoto ana mikwaruzo mikono yote miwili na sasa anasema, "Mama, Pamba hanipendi."

Mvua nazo zimeanza, unajua Bukavu ikianza haina mchezo. Nyumba ina unyevu, na nyuma ya mkia wa Pamba manyoya yamefungana mafundo mawili, moja dogo kama haragwe, lingine kama kifuniko cha chupa. Kucha ni ndefu, zinanasa kwenye kitenge. Mume wangu anasema tumwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mafundo yatalegea. Jirani anasema niache kujisumbua, sungura ni wa chungu. Mtoto alisikia, akalia mpaka usiku. Pamba hataliwa, hilo limeisha. Ila nimsafisheje mnyama asiyetaka hata kuguswa?

binti_wa_himbi, Goma

Yaya, kabla ya yote: MSIMWOGESHE. Sungura akilowa mwili mzima anapoteza joto haraka, manyoya yake yanachukua saa nyingi kukauka, na hofu peke yake inaweza kumuua. Tena fundo likilowa linajikaza zaidi. Kama sehemu ya nyuma imechafuka, panguza hapo tu kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe mara moja. Mengine wenye uzoefu watakuambia, lakini beseni hilo liwekeni mbali leo.

mfugaji_bagira, Bukavu

Mama, mimi nina sungura karibu 40 hapa Bagira na sijawahi kushindwa na hata mmoja. Mshike ngozi ya shingo, mgeuze chali juu ya mapaja yako, mpapase tumbo kidogo. Atatulia kama amelala. Hapo unakata kucha, unachana, unamaliza kila kitu dakika kumi. Kumbembeleza sungura ni kumzoesha ukaidi.

papa_wa_katuba, Lubumbashi

Mfugaji, nakuheshimu, sungura 40 ni kazi. Lakini kwa hili naomba nipingane nawe, na nitasema kwa nini.

Sungura akilazwa chali hatulii. Anaganda. Ni kinga yake ya mwisho, ile ya mnyama aliyekwisha kamatwa na anayejifanya amekufa ili apate nafasi ya kuponyoka. Ukimwangalia vizuri utaona pua inakwenda mbio au imesimama kabisa, na macho yametoka. Anasikia kila kitu. Ukimaliza kazi yako dakika kumi, yeye amejifunza jambo moja tu: mkono huu ndio ule unaonikamata.

Na Pamba somo hilo alishalipata sokoni. Fikirini sungura ameumbwaje. Anaowaogopa wanatoka juu, mwewe na tai, au wanatoka nyuma, mbwa na paka. Macho yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa pale mbele ya pua yake. Sasa sisi tunamwinamia kutoka juu, tunapeleka vidole palepale mbele ya pua asipoona, halafu tunamnyanyua miguu ikielea. Kila tunachofanya kwa upendo ndicho anachofanya mwewe.

Nina jambo la kuungama. Sungura wangu wa kwanza alivunjika mgongo mikononi mwangu. Nilimbeba mbele tu, nyuma nikaacha inaning'inia, akapiga teke moja. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, si kama ya paka, lakini misuli ya miguu ya nyuma ni ya mruka mbali. Teke likikosa pa kukanyaga, nguvu yote inarudi kwenye mgongo wa chini. Nilisikia mlio mdogo kama kijiti kikavu. Ilikuwa 2016 na bado sijasahau. Kwa hiyo mama, mtoto asimbebe akiwa amesimama. Mpaka wakati wake ufike, kila kitu kifanyike chini, sakafuni.

Utaanza hivi. Wiki ya kwanza usimguse hata kidogo. Tandika mkeka salo, keti, geuza bega upande wake, usimkazie macho. Chukua kazi yako, chambua maharage, suka nywele za mtoto, ongea kwa sauti ya kawaida. Weka jani la tembele karibu na goti lako. Siku ya kwanza hatakuja. Siku ya tatu atanyoosha shingo mpaka awe mrefu kama soseji huku miguu ya nyuma imebaki mbali, tayari kukimbia. Muache. Usisogeze mkono kwa furaha, hapo ndipo wengi tunaharibu.

Akishakula mkononi bila kunyakua na kukimbia, gusa paji la uso, kati ya macho, kwa mgongo wa kidole. Pitisha mkono kwa pembeni, asikose kuuona. Mara mbili, toa mkono, mpe jani. Sungura wenyewe hulambana hapo hapo, kwa hiyo unamsemesha kwa lugha yake. Akishusha kichwa sakafuni na kusaga meno polepole, kwa sauti ndogo ambayo lazima usogee ndipo uisikie, ujue amefurahi. Kusaga kwa nguvu huku amejikunyata ni maumivu, hilo ni jambo lingine kabisa.

Kisha burashi. Siku mbili iwe imelala tu mkekani ainuse, aitafune akitaka. Siku ya tatu pitisha mara moja mgongoni, jani. Kesho mara mbili. Kumwinua kuwe mwisho wa yote: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili unakumbatia makalio, unaunyanyua mwili kimo cha kidole kimoja na kumrudisha. Ukimrudisha, makalio yatangulie kugusa chini, la sivyo ataruka. Dakika tano kwa siku zinatosha, na uache yeye akiwa bado anataka jani.

Nani alisema kwamba atapenda kubebwa? Wengi hawapendi mpaka kufa kwao. Tunachotafuta ni avumilie bila hofu.

mfugaji_bagira, Bukavu

Papa, kuhusu kuganda sikujua. Nilidhani wanalala.

veto_nguba, Bukavu

Nimesoma yote, papa wa Katuba amesema vema. Mimi ni veto, daktari wa wanyama, niongeze ya kitabibu, kwa sababu mafundo hayo hayawezi kusubiri wiki sita.

Kwanza, mkasi HAPANA. Ngozi ya sungura ni nyembamba mno na inavutwa juu pamoja na fundo. Unadhani unakata manyoya kumbe umekata ngozi. Nimeshona majeraha ya aina hiyo mara nyingi. Chukua maizena (wanga wa mahindi) kidogo, paka kwenye fundo, lisugue kwa vidole mpaka liteleze. Shika manyoya kwenye shina, karibu na ngozi, ili asisikie kuvutwa, halafu chambua kuanzia nchani kwa ncha ya kitana. Nyuzi chache kwa siku. Fundo la kifuniko cha chupa linaweza kuchukua juma zima, na si vibaya. Fanya hivyo akiwa anakula mkekani, si mapajani. Likiwa limeshika ngozi kabisa, mlete anyolewe kwa mashine.

Kwa nini usiliache? Kwa sababu liko nyuma ya mkia. Msimu huu wa mvua mkojo na mavi laini vinanasa hapo, nzi wanataga, na ndani ya siku moja unaweza kukuta funza. Kagua sehemu hiyo kila siku, hata kwa kumwangalia tu kwa nyuma anapokula.

Manyoya yanayopukutika yanahitaji kutolewa pia. Sungura anajilamba kama paka, ila yeye hawezi kutapika. Anayameza, na kama hali nyasi za kutosha tumbo linasimama. Karoti iwe kidogo sana, ina sukari. Matete na nyasi nyingine ndiyo chakula chenyewe, vikauke umande kwanza. Majani ya parachichi kamwe, ni sumu kwake, na sombe (majani ya muhogo) mbichi usimpe. Sungura aliyepita nusu siku bila kula wala kutoa punje za mavi ni mgonjwa wa haraka. Usingoje kesho.

Kucha: za mweupe ni rahisi, utaona mshipa mwekundu ndani. Washa taa ya simu nyuma ya ukucha, kata milimita 2 au 3 mbele ya pale wekundu unapoishia. Ukikosea damu ikatoka, bana na maizena ileile. Ana kucha 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila wa nyuma. Hakuna sheria inayosema zikatwe siku moja.

Jambo moja zaidi. Jike wa miezi 5 anabalehe. Ukali wa sasa unaweza kuwa nusu hofu, nusu mwili unaobadilika. Akianza kunyofoa manyoya ya kifua na kubeba nyasi mdomoni, anatengeneza kiota hata kama hana mimba. Usimbomolee. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil asipakwe hata tone, inaua sungura.

dada_wa_nyawera, Bukavu

Mama, mpe mtoto kazi yake. Wangu nilimpa ya kusoma: analala kifudifudi mkekani na kusoma kitabu cha shule kwa sauti, bila kumgusa sungura. Mnyama alizoea sauti yake kabla ya kuzoea yangu. Na umweleze kwamba kuogopa si kuchukia. Mtoto anaelewa hilo, yeye mwenyewe anaogopa radi.

mama_wa_kadutu, Bukavu

Wapendwa, mwezi na zaidi umepita, nimerudi kuwapa habari.

Beseni tuliliacha usiku uleule. Wiki ya kwanza niliketi mkekani na ungo wa maharage kila jioni baada ya kazi, na Pamba alibaki chini ya kabati. Nilikaribia kukata tamaa. Siku ya tisa nilikuwa nimezama kabisa kwenye maharage, natafuta vijiwe, nikasikia kitu kikavu na laini kinagusa kifundo cha mkono. Zilikuwa sharubu. Sikupumua. Alivuta tembele polepole, akalila palepale karibu na goti, bua likiingia mdomoni kama penseli kwenye kichongeo. Binti yangu aliacha kusoma, akaniangalia, machozi yakamjaa. Hakusema neno.

Fundo dogo lilitoka kwa siku nne. Maizena, ncha ya kitana, vidole. Mtoto ameliweka ndani ya kiberiti kitupu. Lile kubwa limebaki nusu, kila siku tunapunguza nyuzi kidogo, na sehemu ya nyuma ni kavu na safi. Kucha tumekata 11. Moja ilitoa damu, nikatetemeka kuliko Pamba, nikabana kama veto alivyosema, ikakoma.

Kubebwa bado hapendi. Nikiweka mkono chini ya kifua anakaza mwili, kwa hiyo tumebaki kwenye kimo cha kidole kimoja. Mtoto hamwinui tena. Anamchana paji la uso, na juzi aliniita nisikilize meno. Nilisogeza sikio mpaka karibu na manyoya: krr, krr, krr, kidogo sana. Aksanti sana papa wa Katuba, bila wewe nisingejua sauti hiyo ina maana gani. Na pole kwa yule wako wa 2016.

papa_wa_katuba, Lubumbashi

Aksanti mama. Kucha za nyuma fanya akiwa anakula, ukiwa pembeni yake, usinyooshe mguu kwa nyuma. Inua tu unyayo kidogo pale ulipo.

mfugaji_bagira, Bukavu

Mama, nina jike mmoja wa kuzalisha ambaye huniuma kila nikifungua banda. Wiki hii nimeanza kufungua na tembele mkononi, nasimama tu, sishiki kitu. Jana hakuniuma. Hiyo burashi yako ni ya aina gani?

mama_wa_kadutu, Bukavu

Ile laini ya nywele za watoto wachanga, papa. Hata pale Kadutu sokoni utaipata.