Gumzo la ukoo: mota isinunuliwe kabla ya kupimwa

Mpwa (Uyole): Shikamooni wakubwa wote. Ninaomba kuleta mbele yenu tatizo la pikipiki ninayobebea viazi kutoka Isyonje. Tangu baridi ya Juni ianze, kila nikibonyeza kitufe cha staata ninasikia "tak" moja, kisha mota inaguna kidogo bila kuizungusha injini, ingawa nikipiga kiki inawaka vizuri na ninashinda nayo barabarani. Fundi wa kijiweni ameisikiliza akasema mota imekufa, inatakiwa mpya ya Sh 60,000. Kwa kuwa viazi bado sijalipwa, ninauomba ukoo unishike mkono.

Dada (Iringa): Pole sana, mdogo wangu. Nikiwa mtunza hazina nimeshafungua orodha ya michango, na Mama Mdogo ameshatuma sehemu yake.

Mjomba (Makambako): Marahaba, mwanangu. Dada yako aisimamishe kwanza hiyo orodha. Mota ya staata hufa, sikatai, lakini mtu anayeihukumu kwa sikio peke yake anakuuzia alichonacho dukani. Sauti inakuonyesha uanzie wapi, na kazi yake inaishia hapo. Ungebonyeza kukawa kimya kabisa, ningekutuma kwenye fyuzi, kwenye kitufe chenyewe na kwenye swichi ya klachi. Ungesikia "tak-tak-tak" ya haraka haraka, ningeshuku betri iliyoishiwa au vichwa vya betri vilivyolegea. Hiyo "tak" moja yenye kuguna inaniambia kwamba rilei, ile swichi ya umeme inayoifungulia mota njia, inavuta, na umeme kidogo unafika kwenye mota, ila kuna mahali unapotea.

Mpwa (Uyole): Nimekuelewa, Mjomba, lakini betri nina hakika ni nzima, kwa sababu taa kubwa inamulika vizuri usiku na honi inalia.

Mjomba (Makambako): Taa kubwa usiifanye shahidi. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kizalisha umeme cha injini, injini inapozunguka, ndiyo maana haiwaki mpaka injini iwake, kwa hiyo inaweza kumulika vizuri huku betri ikiwa hoi. Honi ni kweli inakula betri, lakini inakula ampea chache tu, wakati staata inahitaji makumi ya ampea kwa mkupuo mmoja. Bomba lililoziba nusu linajaza kikombe bila shida, ila ukitaka kuzima moto kwa maji yake ndipo utakapolijua.

Babu (Tukuyu): Sisi zetu zilikuwa na kiki tu, na mguu wa kulia ndio uliokuwa betri.

Mama Mdogo (Tukuyu): Baba, mguu huo sasa unauma kila jioni. Kaka, tuendelee, kwa sababu na mimi nina swali langu nyuma ya hili.

Mjomba (Makambako): Mwanangu, azima mita ya kupimia umeme kwa mtu yeyote anayetengeneza redio au simu hapo Uyole, uiweke kwenye volti za DC, upande wa 20. Kwanza pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote, ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi kidogo, na ikisoma 12.0 ujue imekaribia kuisha. Halafu hakikisha gia iko nyutro, ubonyeze staata kwa sekunde mbili au tatu huku ukiitazama mita. Ikiporomoka chini ya 10, betri haina nguvu ya kubeba mzigo. Ikishuka kidogo tu wakati mota haizunguki, betri inatafuta pa kutolea umeme haipati.

Mpwa (Uyole): Nimeazima kwa jirani. Betri ikiwa imetulia inasoma 12.5, na nikibonyeza inashuka hadi 11.7 na kukaa hapo.

Mjomba (Makambako): Basi betri tumeiachia huru. Sasa sikiliza kipimo ambacho mafundi wengi wa barabarani wanakiruka, nacho ndicho kitakachookoa pesa za watu. Ncha nyeusi ibaki kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ile nyekundu uiguse kwenye chuma tupu cha injini, mahali pasipo rangi wala mafuta, kisha ubonyeze staata. Umeme unaokwenda kwenye mota kwa waya mnene wa chanya hurudi betri kwa kupitia mwili wa injini na waya wa ethi. Njia hiyo ya kurudia ikiwa safi, mita itaonyesha karibu sifuri, tuseme 0.2 au chini yake. Ikionyesha volti kadhaa, hizo ndizo volti zinazopotea njiani kabla mota haijazitumia.

Mpwa (Uyole): Mjomba, inasoma 6.4. Nimerudia kwenye bolti nyingine ya injini na imesoma vilevile. Na kuna jambo jingine: waya mwembamba wa ethi, ule unaoungana na kifungu cha nyaya chini ya kiti, umekuwa wa moto nilipoushika.

Mjomba (Makambako): Hapo hapo usibonyeze tena. Waya mnene wa ethi haupitishi, kwa hiyo umeme wa staata umejitafutia njia kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya honi na indiketa, na ukiendelea hivyo plastiki itayeyuka. Fuata waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri mpaka pale unapofungwa, uniletee picha.

Mpwa (Uyole): Nimetuma picha. Umefungwa kwenye bolti iliyo nyuma ya injini, karibu na tairi. Kikopo chake, kile kichwa cha waya kinachobanwa na bolti, kina ukoga wa kijani, kuna tope lililokauka juu yake, na nyuzi za shaba zilizo karibu na kikopo zimekatika zaidi ya nusu.

Mjomba (Makambako): Mgonjwa wetu ni huyo. Tope la njia ya Isyonje na maji ya presha pale unapooshea vimemaliza kazi yake, na baridi imekuja kuuanika ubovu uliokuwepo zamani, kwa sababu asubuhi oili ni nzito na betri yenyewe inapungua nguvu, hivyo mota inadai umeme mwingi kuliko wakati wa joto. Fungua hasi ya betri kwanza, kabla ya kugusa bolti nyingine yoyote, ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Huo waya usiufunge kwa gundi wala kuusokota. Nenda Mwanjelwa ununue mwingine wenye unene uleule au zaidi, na vikopo vilivyobanwa vizuri pande zote mbili. Piga msasa sehemu ya injini utakapokalia mpaka chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi juu yake kuzuia maji. Grisi isitangulie.

Dada (Iringa): Mjomba, kazini kwetu kuna kijana anayegusanisha zile bolti mbili za rilei kwa bisibisi na pikipiki inawaka. Je, hiyo si njia fupi zaidi ya kupima?

Mjomba (Makambako): Ni kipimo cha kweli, kwa maana mota ikizunguka hapo, kasoro iko kwenye rilei au kwenye njia ya kitufe. Lakini cheche yake ni kubwa, inakula bisibisi, na tangi la petroli liko juu yake tu. Mwenye mita hana sababu ya kucheza mchezo huo.

Mama Mdogo (Tukuyu): Swali langu ni hili. Ya kijana anayetuletea maziwa, staata inalia "wiii" kwa kasi sana, lakini injini haizunguki kabisa.

Mjomba (Makambako): Hiyo ni shughuli nyingine kabisa, dada yangu. Umeme upo na mota ni nzima. Kinachoteleza ni ile klachi ya njia moja ndani ya injini, inayoishika injini wakati wa kuwasha na kuiachia ikishawaka. Inabidi kifuniko cha upande kifunguliwe, kwa hiyo apelekewe fundi mwenye vifaa, na kwa sasa atumie kiki.

Mama Mdogo (Tukuyu): Ndaga fijo, asante sana. Nitamwambia kesho akileta maziwa.

Mpwa (Uyole): Waya mpya umefungwa kama ulivyoelekeza. Kipimo cha ethi sasa ni 0.1, na staata inaizungusha injini kwa nguvu hata kabla ya kuvuta choki. Betri inashuka hadi 10.9 wakati wa kubonyeza. Je, nisiogope kwamba imeshuka kuliko mwanzo?

Mjomba (Makambako): Usiogope, sasa ndiyo inafanya kazi. Mwanzo ilishuka kidogo kwa sababu umeme ulikuwa umezibwa. Bado kipimo kimoja: acha injini iwake, ongeza mafuta mpaka mlio wa kati, upime betri tena. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.8, chaji inaingia. Ikibaki 12 na ushei, betri itakufa ndani ya siku chache hata tungeisafisha vipi.

Mpwa (Uyole): Inasoma 14.1.

Mjomba (Makambako): Rudisha kiti. Kitufe usikishikilie zaidi ya sekunde tano kwa mkupuo, uiache mota ipumzike kidogo kabla ya kurudia, kwa sababu mota hizi ndogo huungua kwa joto la kulazimishwa. Baada ya mvua za masika utaifungua hiyo bolti na kuiangalia. Ikitokea siku mota inaguna wakati ethi imepima vizuri, ndipo tutazungumza habari ya kaboni zake, zile brashi zinazopitisha umeme ndani ya mota, ambazo nazo hubadilishwa bila kununua mota nzima.

Dada (Iringa): Orodha nimeifunga. Mama Mdogo, pesa yako ninairudisha jioni hii. Mdogo wangu, waya umeununua mwenyewe na umefanya vizuri, ila mita ya jirani uirudishe leo, na viazi vikilipwa ununue ya kwako.

Babu (Tukuyu): Akishainunua aje nayo huku Tukuyu, kuna pampu ya maji hapa inayoguna vilevile.