Acheni kuuza flaiwili nyepesi kama dawa ya nguvu za injini!

Wakuu, hili limezidi. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Kila mwenye Subaru Impreza WRX ya gia za mkono akiuliza aanze na nini kuongeza nguvu, anajibiwa "funga flaiwili nyepesi, inaongeza farasi". Haiongezi hata farasi mmoja! Inapunguza tu mzigo ambao injini huuzungusha kila RPM (mizunguko kwa dakika) zinapopanda.

Pigeni hesabu. Toa kilo 4 zilizokaa wastani wa sentimita 11 kutoka katikati. Gia ya kwanza, injini ikizunguka mara 15 kwa mzunguko mmoja wa tairi, gari linachomoka kana kwamba limepungua kilo 110. Gia ya tano, mara 3.3, ni kilo 5 tu. Mwenye gari la mashindano, anayeishi gia ya kwanza hadi ya tatu, atafaidi. Wa safari ndefu haoni kitu. Na kilo hizohizo zikikatwa karibu na katikati, faida inayeyuka, kwa hiyo muuzaji anayetaja uzito bila kusema umetolewa wapi hajakwambia chochote.

Hasara hawazitaji kabisa. Panda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, simama, ondoka tena: lazima ukanyage mafuta zaidi, klachi iteleze zaidi, na pleti ya klachi inaisha mapema. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inayumba. Taa ya injini inaweza kuwaka na kuonyesha kodi za hitilafu P0300 hadi P0304 huku plagi na koili ni nzima, kwa kuwa kranki nyepesi inabadilika kasi kwa kila mlipuko na kompyuta inadhani silinda imekosa moto. Watu wananunua koili bure!

Kibaya kuliko vyote ni mafundi wanaokereza flaiwili ya kiwandani iwe nyembamba. Ile ni chuma cha kusubu. Ikipasuka kwenye RPM 7,000 inatoboa giaboksi na kufika miguuni kwa dereva. Kama ni lazima, nunua ya kromoli (chuma imara cha mchanganyiko), au ya alumini yenye uso wa chuma, iliyogongwa alama ya SFI 1.1, kiwango cha usalama cha vifaa vya mbio. Kwa WRX, funga flaiwili kwa bolti 8 mpya, kaza kwa msalaba hadi Nm 72, na za preshapleti (inayobana pleti ya klachi) Nm 16. Giaboksi ikiwa chini, badili beringi ya pailoti na sili ya nyuma ya kranki.

Wa BMW M3 E46 na Golf GTI, flaiwili zenu zina springi ndani. Ukifunga ya kipande kimoja na pleti isiyo na springi, giaboksi itagonga kila ukiwa sailensa.

Wauzaji mliomo humu, ni nani kati yenu humweleza mteja haya kabla ya kupokea hela?