Ukarabati wa nyumba ya mawe Mkomani: mkandarasi ataka bei moja na zaidi ya nusu ya fedha mbele

Binti wa Mkomani

Assalamu alaykum. Nyumba aliyotuachia marehemu baba katika mtaa wa Mkomani, Lamu, inahitaji matengenezo makubwa kabla ya masika. Dari ya chumba cha ndani inavuja, boriti kadhaa zimeoza pale zinapoingia ukutani, na plasta ya upande wa kichochoroni inabanduka kuanzia chini hadi kimo cha kifua. Mama angali anaishi humo, nasi watoto tuko Nairobi kikazi, kwa hivyo hatutaweza kusimama pale kila siku.

Tumezungumza na watu wawili. Wa kwanza ni mkandarasi wa Mombasa mwenye kampuni iliyosajiliwa, ambaye aliitazama nyumba asubuhi moja akatupa bei moja ya kazi nzima, vifaa na ufundi pamoja. Anataka asilimia 60 kabla ya kuanza, na amesema atapiga plasta ya saruji kuta zote ili unyevu usipate njia. Wa pili ni fundi mwashi wa huko Lamu anayesifika kwa kazi ya chokaa. Hana kampuni, hakubali kutaja jumla, na anataka ujira wa kila siku. Kaka yangu anamtaka wa kwanza kwa kuwa gharama yake inajulikana tangu mwanzo. Mimi sijaridhika, ila sina hoja za kutosha za kumweleza. Naomba ushauri wa wanaozijua nyumba hizi.

Msimamizi Mstaafu wa Ujenzi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Nianze na saruji, kwa maana hapo ndipo nyumba nyingi za mji wetu zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, kwa hivyo maji hupanda kidogo kisha hutoka nje na kukauka kwa upepo. Ukiifunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Hupanda juu zaidi, na chumvi hujikusanya na kuganda nyuma ya plasta hadi ikaisukuma, ikaanguka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Unyevu huo ukifikia vichwa vya boriti, huozesha hata boriti mpya mliyoinunua kwa fedha nyingi. Anayeahidi kuukomesha unyevu kwa saruji katika nyumba ya mawe hajaifahamu nyumba anayotaka kuitengeneza, na kwangu mimi hilo pekee latosha kumkatalia sehemu ya kuta, hata kama vyeti vyake vyote ni sahihi.

Kuhusu bei, hakuna mtu awezaye kujua ni boriti ngapi zimeoza kabla ya dari kufunuliwa. Aliyewapa bei moja baada ya kutazama kwa macho ama ameongeza fedha za kujikinga, ama atarudi katikati ya kazi, nyumba ikiwa wazi, kudai nyongeza. Mpeni fundi kazi ndogo ya kwanza na ya kulipwa peke yake: abandue plasta mahali panne au patano, afunue vichwa vya boriti, ahesabu na kupima. Hapo ndipo mtu yeyote aandike makisio, kila kazi na bei yake. Utaratibu nao uzingatiwe: paa na dari kwanza, kisha boriti, kisha kuta, na niru, yaani chokaa laini ya kumalizia ukuta, iwe ya mwisho kabisa. Chokaa hukauka polepole na hutaka kupakwa kwa matabaka membamba yanayonyunyiziwa maji, kwa hivyo msimharakishe fundi, wala msimruhusu kutia saruji kidogo "ili ishike upesi."

Msisahau ruhusa. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi haibadilishwi bila idhini ya serikali ya kaunti na ya ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa. Nendeni huko kabla ya kununua hata gunia moja la chokaa, na mwombeni ofisa aitazame nyumba. Ushauri wao juu ya vifaa una manufaa kuliko watu wanavyodhani.

Mkaazi wa Malindi

Nakubaliana na Mzee kuhusu kuta, ila sikubali kwamba ujira wa kila siku ni salama. Fundi akilipwa kwa siku na mwenye nyumba yuko mbali, siku huongezeka. Lipeni kwa kipande cha kazi kilichopimwa: dari ya chumba fulani ikikamilika na kukaguliwa, kiasi fulani kilipwe.

Asilimia 60 ni nyingi mno. Hapa Malindi jamaa yangu alitoa zaidi ya nusu kwa mkandarasi aliyebomoa paa la nyuma, akaondoka kwenda kazi nyingine, na mvua ikaikuta nyumba hali hiyo. Arbuni itoshe kununua vifaa vya hatua ya kwanza tu, nayo ilipwe kwa njia inayobakisha ushahidi. Zuieni asilimia 10 hadi masika moja ipite, kwa sababu paa hujaribiwa na mvua wala si na maneno. Na usajili wa kampuni si usajili wa ukandarasi: ulizeni kama yumo katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yuko daraja gani kati ya yale manane, na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Mkataba ukiwa wa maandishi, hata Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, itakuwa na kitu cha kutazama.

Binti wa Mkomani

Nawashukuru sana. Nimempelekea kaka maelezo haya, naye amekubali tuanze na kufunua dari. Je, tukinunua vifaa wenyewe na fundi tumlipe ufundi tu, ni mambo gani yatatushinda tukiwa Nairobi?

Mama wa Langoni

Bi, kitakachowashinda ni uchukuzi. Jiwe linatoka Maweni, kisiwani Manda, linavuka kwa chombo, kisha linabebwa na punda au hamali hadi mlangoni, na bidhaa za Mombasa hupitia gati ya Mokowe, upande wa bara. Katika kila hatua kuna anayelipwa, na kifusi nacho lazima kitolewe kwa njia hiyo hiyo. Andikeni wazi ni nani anayelipia, kwani ugomvi mwingi nilioushuhudia ulikuwa wa kifusi. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, vyombo huchelewa. Ni heri vifaa viwe vimefika wakati wa kaskazi.

Boriti nunueni kwa mwenye kibali cha Huduma ya Misitu, na mkione kibali chenyewe. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa sababu ya chumvi, wala usichotwe kwenye vilima vya Shela, ambavyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa.

Mwekeni mtu mnayemlipa, asiye jamaa wa fundi, apige picha za boriti kabla hazijafunikwa. Na mama ahamie kwa jamaa wakati chumba cha ndani kikifunuliwa, maana vumbi la chokaa huumiza macho na kifua. Akikataa kuhama, kama walivyo wazee wengi, anzeni na upande asiolala.