Mzee kawekewa stenti, je antioksidanti za mimea zinaponya mshipa kweli?

Kijana_wa_Mbagala (mleta uzi)
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu ana miaka 63, miezi minne iliyopita kifua kilimbana usiku tukakimbia nae hospitali, wakakuta mshipa mmoja wa moyo umeziba, wakaupanua kwa puto kupitia mkononi wakaweka na stenti, kile kibomba cha waya wa chuma kinachoshikilia mshipa usizibe. Sahivi anatembea hadi sokoni na kurudi mwenyewe. Alipewa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, na atovastatini ya kushusha kolesteroli. Sasa kuna mama anauza unga wa mbegu za zabibu na vidonge vya vitamini E, anasema vina antioksidanti zinazoponya mshipa uliojeruhiwa, na mzee kamwelewa haswa. Hapo bado swaumu mbichi punje 5 kila asubuhi, manjano kwenye maziwa na juisi ya choya. Vinasaidia au tunateketeza hela tu?

Bi_Tanga
Pole sana mwanangu, mpe pole na mzee. Choya sio mbaya, sisi nyumbani tunakunywa ila bila sukari, na inashusha presha kidogo kwahiyo kama ana dawa za presha mpimeni mara kwa mara. Huo unga siujui.

NesiWaZamu
Mkuu ngoja nikueleze taratibu. Mshipa kwa ndani una utando mwembamba sana wa seli, ndio unatoa naitriki oksidi inayolegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Puto na stenti vikipita utando unakwanguka, halafu mwili wenyewe unaanza kuurudisha, seli zinatambaa kutoka pembeni kufunika jeraha, na kwa stenti zilizopakwa dawa jeraha linachukua miezi kufunikwa. Wakati huohuo ukuta unaweza kuota nyama kupita kiasi ukaziba tena. Wataalamu waliwaza kwamba jeraha linazalisha radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli, basi antioksidanti, ambazo kazi yake ni kuzizima chembe hizo, zingesaidia, na kwa wanyama wa maabara ilileta matumaini. Ila mwaka 1997 yalitoka majibu ya utafiti wa Montreal, Kanada, wagonjwa 317 waliopanuliwa kwa puto: kwa waliokunywa vitamini C, E na beta karotini, asilimia 40.3 ya sehemu zilizopanuliwa zilisinyaa tena, kwa waliokunywa vidonge visivyo na dawa asilimia 38.9. Yaani hakuna tofauti. Mwaka 2002 Uingereza nao, watu zaidi ya 20,000 kwa miaka mitano, vitamini hizohizo hazikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Chakula chenye rangi, mchicha, matembele, nyanya, matunda, karanga, hicho ni kizuri mno na kila siku namwambia mgonjwa ale. Lakini kidonge cha vitamini sio mchicha.

Na hizo swaumu punje 5 mbichi juu ya aspirini na klopidogreli zinanitia wasiwasi, zote zinapunguza damu kuganda. Akipiga mswaki fizi hazitoi damu?

Shamba_Dawa
Mimi naamini mimea, babu zetu waliishi nayo. Vidonge vya hospitali vinachosha figo, mwili ukipata antioksidanti za kutosha unajitibu wenyewe.

Kijana_wa_Mbagala (mleta uzi)
Nesi asante, umenishtua. Fizi zinatoa damu kweli, wiki ya pili sasa, na mkononi ana alama nyeusi nyeusi. Nimemuuliza mzee jioni hii ndo ananiambia klopidogreli kaacha tangu jumatano, yule mama kamwambia unga unafanya kazi ileile 😔

NesiWaZamu
Ndugu yangu acha kila kitu, pigia kliniki yake usiku huu, namba ipo kwenye kadi. Miezi minne baada ya mshtuko wa moyo, klopidogreli haiachwi bila ruhusa ya daktari wa moyo, kawaida inaenda kama mwaka, kwasababu chuma bado hakijafunikwa vizuri na damu ikigandia pale mshipa unaziba ghafla. Hakuna unga unaoziba hilo pengo. Kifua kikimbana usisubiri asubuhi. Shamba_Dawa, na mimi nakula mlonge nyumbani, ila hapa tunaongelea roho ya mtu.

Bi_Tanga
Mwanangu usimfokee baba, mpe dawa na maji, kaa nae. Mzee akiona umekasirika ataficha tena.

Kijana_wa_Mbagala (mleta uzi)
Mrejesho wakuu. Usiku uleule kliniki walisema aendelee na vidonge asubuhi tufike. Wamempima, moyo uko sawa, swaumu mbichi wamesimamisha, ile ya kwenye mchuzi kawaida hawajakataza, unga na vitamini E tumeacha. Dawa nampa mimi sahivi kwa mkono wangu. Swali moja, mzee anapenda sana balungi, mti uko uani.

NesiWaZamu
Alhamdulillah. Balungi aliache, linafanya atovastatini ijae kwenye damu akaishia kuumwa misuli. Machungwa ya kawaida ruksa, na mchicha usimnyime, wanaotakiwa kuangalia kiasi cha mboga za majani ni wale wa warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.