Naomba ushauri: mtoto wa darasa la pili anakwama kwenye hesabu za mafumbo

Wakuu habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani. Binti yangu yupo darasa la pili. Mpe 12 kutoa 5, kabla hujamaliza kuandika keshakujibu 7. Sasa mpe hii: "Asha ana machungwa 12. Amemzidi Juma machungwa 5. Juma ana mangapi?" Anaandika 17 bila wasiwasi. Kaona "amemzidi", kajumlisha. Nyingine hata hasomi mpaka mwisho, ananigeukia: "Mama, hapa najumlisha au natoa?"

Nikimwagia vizibo vya soda mezani, akavipanga safu mbili, ya Asha na ya Juma, anapata vizuri tu. Nikiondoa vizibo, tumerudi kulekule.

Jirani yangu (anafundisha tuisheni) ananiambia nimkaririshe: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "amebaki" toa. Mimi naona ndiyo inayomharibu, maana huyo Asha hapo juu atamkosesha kila siku.

Walimu na wazazi wenzangu, mnawatoaje kwenye vizibo hadi kwenye karatasi? Nimwache achore kwanza, au nimwambie anisimulie fumbo kwa maneno yake kabla ya kushika penseli? Na anayesoma kwa kusuasua, nianze na lipi?